Masinia ya Jua na Chupa za Kahawia

Nilikabidhi funguo za maabara mwezi uliopita. Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, keki na saa ya ukutani, saa nikawaachia, na watu watatu wakasimama kunisifu kwamba nilikuwa mtu wa watu. Sikuwa mtu wa watu. Nilikuwa mtu wa kuwashuku watu, na maji nimeyapima miaka yote hiyo nikiwa hivyo hivyo. Najua pia jina mlilonipa mkidhani silisikii: Mama Hapana. Silikatai. Nawaandikia kwa sababu kuna kesi moja, ile ya masinia ya jua kule Hanang, ambayo mnaisimulia wakati wa chai kana kwamba niliwaokoa ng'ombe wa watu kwa akili zangu. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili nimeiacha ikae kimya muda mrefu mno, na kuna mtu inamdhulumu.

Niliingia maabara nikiwa msichana wa kutoka Nambis, mwenye cheti kipya na jozi moja ya viatu. Siku ile nilitembea pekupeku hadi barabara kuu ili viatu visichafuke, nikavivaa nilipoona gari. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bura, mfupi, koti lake jeupe limeshakuwa la rangi ya chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa glasi ya maji safi kabisa. "Kunywa, mwanangu, umetembea." Nikamuuliza maji yametoka wapi. Akaichukua glasi, akaimwaga kwenye sinki. "Basi utadumu. Aliyekuja kabla yako alikunywa." Mpaka leo sijui glasi ile ilikuwa na nini. Nadhani haikuwa na kitu, lakini kunywa ili nijue, hapana.

Mzee Bura alinifundisha kazi kwa mikono, si kwa daftari. Chupa suuza mara tatu kwa maji yale yale unayokwenda kuyapima. Andika kibandiko pale pale kisimani, kwa penseli, maana wino ukilowa unakimbia. Maji ambayo hukuyaona yakichotwa, andika "yameletwa," na usiyaapie. Maji machafu hayamdanganyi mtu, alikuwa akisema, ogopa yanayometa. Alikuwa na tabia ya kunusa vifuniko vya chupa kabla ya kitu kingine chochote, na nilimcheka moyoni kwa hilo. Nilikuja kujuta kwamba nilicheka badala ya kuiga.

Kesi iliyonifanya niwe nilivyo ilitoka Gehandu. Kulikuwa na shule yenye kisima kirefu, na kila mwezi mlinzi wake alituletea chupa. Majibu yalikuwa mazuri mno. Sasa, ukanda ule ardhi ina floraidi, madini ya kuharibu meno. Watoto wanacheka na meno ya kahawia, na wewe unaletewa maji matamu kama ya mvua! Nikapanda pikipiki bila kumwambia mtu. Nikamkuta mlinzi anachota kwenye tangi la mvua la nyumba ya mwalimu. Alikuwa mzee mwenye goti bovu, na kisima kiko bondeni. Hakujificha hata kidogo. "Mama, maji si ni maji?" Sikumkaripia. Nilirudi na chupa yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo mkono wa mtu mwingine ulikuwa kwangu kama mkono wa mwizi mpaka niuone ukifanya kazi.

Miaka ilikwenda, tukapima visima, mifereji, maji ya zahanati, hata maji ya ubatizo mara moja, na hilo msiniulize. Kisha ikaja dhahabu. Wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye karasha, wanaosha kwa zebaki, na udongo unaobaki, ambao wenyewe wanauita marudio, unauzwa kwa mwenye plenti, yaani kiwanda cha kuchenjulia. Plenti inauloweka kwa sainaidi, inachota dhahabu iliyojificha, na maji yenye sumu yanakusanywa kwenye bwawa lililotandikwa nailoni nene. Watu wanasema sainaidi inanuka kama lozi. Mimi sijawahi kuona lozi, kwetu hakuna, kwa hiyo ushauri huo haukunisaidia kitu.

Plenti ya kesi hii ilikuwa kwenye mwinuko upande wa Hirbadaw. Chini yake kuna korongo, na korongo linaingia kwenye lambo ambalo wafugaji wa tambarare nzima wananyweshea. Bwawa la plenti lilikuwa linajaa, na masika hayakuwa mbali. Mwenye plenti alitaka ruhusa ya kuyaachia maji korongoni baada ya kuyasafisha. Ruhusa ile ilihitaji majibu ya maabara yenye sahihi yangu. Nikikosea kwa kukataa, bwawa litafurika lenyewe. Nikikosea kwa kukubali, ng'ombe watakunywa sumu kwa idhini ya maandishi. Nataka mlishike hilo, maana yote yanayofuata yanatoka hapo.

Ndipo akaja Deodati na masinia yake. Alikuwa injinia wa kama miaka thelathini, aliyetumwa na chuo kimoja kufanya majaribio pale plenti. Nilimfahamu tangu anabebwa mgongoni, maana ni kitinda mimba wa katekista wa kwetu Nambis. Ninyi mngefurahi kumwona kijana wa nyumbani. Mimi nilimshuku mara mbili zaidi, kwa sababu mtoto wa nyumbani ndiye anayejua utamwonea haya.

Alinieleza kazi yake kwa Kiswahili chepesi, na nakiri alieleza vizuri. Plenti yenyewe ilikuwa inavunja sumu nyingi kwa dawa, lakini kuna mabaki sugu yanayobaki, machache ila yanaua. Kwa mabaki hayo alitengeneza masinia mapana ya kioo, yameinamishwa kidogo, yamepakwa unga mweupe wa titani, ndugu wa ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta. Unga ule gizani haufanyi kitu. Jua likiupiga unaamka, na sainaidi inayopita juu yake inavunjwa. Wenyewe hauishi, kesho unafanya kazi tena. Lakini maji lazima yatuame kwanza yawe meupe, yapite membamba kama unene wa ukucha, maana tope linazuia mwanga, na chokaa inayotiwa majini isipungue, la sivyo sumu inageuka hewa na kumwua mtu aliyesimama karibu.

"Na wingu likitanda?" nikamuuliza.

"Tunasubiri, mama."

"Na masika?"

"Tunasubiri zaidi. Ndiyo maana nataka tuanze sasa."

Nilipenda majibu yake, na kwa sababu niliyapenda nikazidi kumwangalia. Nikamwambia ajenge sinia moja la ziada, lililopakwa unga ule ule, lipitishiwe maji yale yale, ila lifunikwe turubai jeusi. Kama kweli ni mwanga, gizani sumu isipungue. Deodati akacheka kwa furaha, akasema hilo alitaka kuliomba mwenyewe. Mimi nikaandika kwenye daftari langu: anacheka, kwa nini?

Nilihitaji mtu wa kuchota sampuli kila jioni, maana basi la kuja mjini ni mara mbili kwa wiki na mimi nisingeweza kukaa kule. Sikutaka mtu wa plenti wala mtu wa Deodati. Nikamchagua Udahayda, mjane wa Kibarbaig ambaye boma lake liko chini ya lile lambo. Ng'ombe wake ndio wa kwanza kunywa. Nilipiga hesabu kwamba mtu ambaye uhai wa nyumba yake uko ndani ya chupa hatacheza na chupa. Nilimfundisha siku mbili: glavu, barakoa, kusuuza mara tatu, punje za soda kali ndani ya chupa ili sumu isipeperuke, kifuniko, kibandiko. Hakujua kuandika, tukatumia alama: jua kwa sinia la wazi, kibuyu kilichopinduliwa kwa sinia la turubai. Chupa zetu zilikuwa za kahawia, za mdomo mpana, na zilikuwa chache, hivyo tupu zilirudi kwake kwa basi azioshe kule kule. Hapo akaniuliza azioshe namna gani. Nikamwambia, "Zioshe kama unavyoosha kibuyu cha maziwa ya mtoto." Akaitikia kwa kichwa, amekaza uso, kama mtu aliyepewa amana. Nilijiona mwalimu hodari.

Maji ya kuingia kwenye masinia niliyapima mwenyewe pale pale plenti, kwa chupa zangu. Sainaidi ilikuwemo, rangi ya zambarau ilitokea waziwazi kwenye glasi. Kisha zikaanza kuja chupa za Udahayda kwa basi. Nikafungua ya jua: hakuna zambarau. Nzuri. Nikafungua ya turubai: hakuna zambarau. Nikapima tena. Hakuna. Wiki ya pili vile vile, wiki ya tatu vile vile. Sinia la gizani lilikuwa linasafisha maji sawa na la juani, jambo ambalo Deodati mwenyewe alisema haliwezekani.

Nilipochuja maji yale nikaona kitu kwenye karatasi ya kuchujia. Vumbi jeusi, dogo dogo, kama pilipili manga iliyosagwa. Ninyi mnajua plenti za dhahabu zina nini cheusi. Zina kaboni, mkaa maalumu wa kunasia dhahabu, na mkaa unanasa sainaidi pia. Basi nikaona nimemkamata. Nikaona kabisa kwa macho ya akili Deodati akiinama jioni, akinyunyiza unga wa kaboni kwenye masinia yote mawili ili majaribio yake yapendeze, na kwa upumbavu wa haraka akasahau kuliacha lile la turubai.

Nikaenda. Nikamwekea ile karatasi mezani mbele ya mwenye plenti.

"Hii ni nini, Deodati?"

Akaigusa kwa kidole. "Ni mkaa, mama."

"Umetoka wapi?"

"Sijui."

"Hujui. Masinia ni yako, ufunguo wa uzio ni wako, stoo ya kaboni iko hatua kumi, na hujui."

"Mama, ukubwa wako nauheshimu. Lakini mimi ningetia kaboni, ningetia kwenye sinia la turubai ili iweje? Ningejikaanga mwenyewe."

Lilikuwa swali zuri. Lilinichoma, na badala ya kulijibu nilimjibu kwa methali, kama afanyavyo mtu mzima aliyeishiwa hoja: kikulacho ki nguoni mwako. Macho yalimlowa, nami nikayahesabu machozi yale kama ushahidi. Jioni ile niliandika ripoti kwa chuo chake. Sikuandika "nashuku." Niliandika "ametia." Baada ya siku chache wakamwita, wakasimamisha kazi yake. Habari ilipanda Nambis haraka kuliko basi: mtoto wa katekista amefukuzwa kwa udanganyifu, na aliyemshika ni fulani, jirani yao.

Hapo ndipo simulizi yenu ya wakati wa chai inapoanzia, lakini endeleeni kunisikiliza. Mwenye plenti hakuhuzunika hata kidogo. Alinijia ofisini na debe la asali. Napenda asali, naye alikuwa amejua, na hilo peke yake lilitosha nilirudishe. "Mama yangu," akasema, "iwe ni jua, iwe ni kaboni, iwe ni maombi, chupa zako zinasema maji ni safi. Kaboni ninayo tele. Tutatia. Wewe weka sahihi tu, bwawa limebakiza mkono mmoja kujaa." Alikuwa na hoja. Chupa zilisema safi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikamwambia aje wiki inayofuata, kwa sababu tu alikuwa anatabasamu.

Katika wiki hiyo hiyo baba yake Deodati alifariki. Alikuwa na presha ya siku nyingi. Sikwenda msibani. Kwetu mtu haachi msiba wa jirani, hata kama mligombana kwa mpaka wa shamba, na mimi nilijiambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kukaa kwenye mkeka ule na kutazamwa.

Basi likaja na chupa nyingine. Nikazifungua bila hamu. Hakuna zambarau, jua wala turubai. Na kwenye karatasi, vumbi jeusi.

Nilikaa chini. Deodati alikuwa ameondoka karibu wiki tatu. Uzio ulikuwa umefungwa, ufunguo nimempa Udahayda, na masinia aliyaendesha yeye peke yake kwa bomba la kufungua na kufunga. Aliyekuwa anatia kaboni alikuwa bado yuko. Nikamgeukia mwenye plenti, bila shaka. Nikamwona akituma watu wake, akimfukuzisha kijana wa watu kwa hila ili yeye apate sahihi. Nilikasirika kwa niaba ya Deodati, kana kwamba ripoti ile ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine.

Alfajiri ya siku iliyofuata nikakodi bodaboda, nikatelemka hadi tambarare bila kumwambia mtu. Nilifika jua limeshapanda. Plenti ilikuwa kimya, stoo ya kaboni ina kufuli, vumbi la kufuli halijaguswa. Nikazunguka nyuma ya kibanda cha kando ya masinia, ambamo Udahayda alitunza chupa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, moto mdogo mbele yake, chupa zangu za kahawia zimepangwa kwenye ngozi safi. Mkononi alikuwa na fito yenye ncha inayowaka. Aliitoa motoni, akaipuliza moto ufe, akaiingiza kwenye chupa, akasugua ndani taratibu, pande zote, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kisha akakung'uta masizi, akasuuza mara moja kwa maji kidogo, akanusa mdomo wa chupa, akaridhika.

"Udahayda, unafanya nini?"

Akanyanyuka kwa furaha. "Shikamoo, Mama Maji! Naosha chupa. Mimi naosha vile ulisema. Kama kibuyu ya mtoto."

Nani asiyejua kwamba mfugaji haoshi kibuyu cha maziwa kwa sabuni? Anakisugua kwa kijinga cha moto, mti ule maalumu, masizi na moshi vishike ndani ili maziwa yasiharibike na yanukie. Hata sisi wa milimani mabibi zetu walifanya hivyo. Mimi mwenyewe nimekunywa maziwa yenye vitone vyeusi utoto wangu wote, na vitone vile vile nikavitazama kwenye karatasi ya kuchujia nikaviita jinai. Chupa zilikuwa za kahawia, masizi hayaonekani. Kifuniko sikukinusa.

Nikaketi kwenye kigoda chake. Sikufikiria ng'ombe kwanza. Nilifikiria ule mkeka wa msiba.

Lakini mtu haachi kuwa fundi. Sikutaka kuamini masizi bila kuyapima, kama nilivyokuwa nimeiamini kaboni. Nilikuwa na chupa zangu kwenye begi. Tukachota maji ya sinia la jua kwa chombo kimoja, tukayagawa chupa mbili, moja yangu na moja ya masizi. Tukafanya hivyo hivyo kwa sinia la turubai. Nikarudi nazo mjini, zikakaa usiku kucha kama zile za basi zilivyokuwa zikikaa. Asubuhi nikapima, mlango nimeufunga kwa ndani. Chupa za masizi: hakuna kitu, zote mbili. Chupa yangu ya turubai: zambarau kali, sawa na maji ya kuingia. Chupa yangu ya jua: zambarau hafifu sana, karibu iwe maji.

Someni hayo taratibu. Mwanga ulikuwa unafanya kazi. Kijana alisema kweli tangu siku ya kwanza. Na pia maji yale, pamoja na kazi yote ya mwanga, yalikuwa bado hayajafaa kunyweshwa ng'ombe. Yalihitaji kupitishwa masiniani mara ya pili, na siku nyingine ya jua. Ningeweka sahihi ile wiki ya asali, tambarare yote ingenuka mizoga, na karatasi ya kuthibitisha usafi ingekuwa na jina langu chini.

Nilirudi kumweleza Udahayda, maana alistahili kusikia kutoka kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye magoti.

"Kwa hiyo," akasema, "ng'ombe yangu ingekufa, na ni mimi nimeua. Kwa usafi."

"Si wewe. Ni mimi niliyekufundisha vibaya."

Hakunifariji, na sikutarajia. "Basi usinifundishe tena kwa mfano. Niambie kitu chenyewe. Sabuni, sema sabuni. Maji, sema maji."

Hilo liandikeni ukutani pale maabara, mahali pa ile saa niliyowaachia. Fundi mwenzangu mmoja, nilipomsimulia, alisema nyani haoni kundule, kisha akashtuka kwamba amemwambia bosi wake. Nikamwambia aendelee, amesema sawa. Nilishuku mlinzi, injinia, tajiri, asali, tabasamu na machozi. Sentensi iliyotoka mdomoni mwangu mwenyewe sikuwahi kuichuja.

Mwenye plenti sikumpa sahihi. Alipiga kelele, kisha akainua kingo za bwawa kwa udongo na nailoni nyingine, akaongeza masinia, na maji yakapitishwa mara mbili kila jua lilipochomoza. Yaliachiwa korongoni msimu uliofuata, baada ya chupa nyingi zilizooshwa kwa sabuni, na ng'ombe wa Udahayda walikunywa mbele yangu. Nilisimama pale siku nzima nikiwahesabu. Naona aibu kusema kwamba hata siku ile nilikuwa nikimtazama kila mmoja kama ataanguka.

Lakini kabla ya hayo yote niliandika barua kwa chuo, kuifuta ripoti yangu. Kisha nikampigia simu Deodati. Nilidhani hatapokea.

"Shikamoo, mama."

Nikasema yote bila kupumua, masizi, chupa, kibuyu, kosa langu. Nikamwomba msamaha. Akauliza jambo moja tu.

"Sinia la turubai, kwa chupa safi, lilisomaje?"

"Halikushuka hata kidogo."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Basi mwanga unafanya kazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake. Kisha: "Barua hiyo usinitumie mimi, mama. Mimi nilijua. Ipeleke nyumbani. Siku ya arobaini ya mzee."

Nilitaka kumwambia nitaituma kwa mtu. Alingoja mpaka nikakubali.

Siku ilipofika nikapanda Nambis. Uwanja ulikuwa umejaa, misa imekwisha, watu wanakula. Waliponiona sauti zilipungua, moja baada ya nyingine. Mama yake Deodati alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, ni mtu mzima kunizidi kwa miaka mingi. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo. Alinitazama muda ambao sitaki kuusimulia, kisha akaitikia marahaba, kwa sababu kwetu salamu haikataliwi.

"Mume wangu alikufa akijua mtoto wetu ni mwongo," akasema. "Aliniuliza siku ya mwisho tulikosea wapi kumlea. Nilikosa la kumjibu."

Nikatoa barua. Niliisoma nikiwa nimepiga magoti pale pale, nikiigeuza sentensi kwa sentensi kwa Kiiraqw ili wazee waelewe: kwamba mimi, fulani, fundi sanifu wa maabara ya maji, niliandika kwamba Deodati ametia mkaa kwenye maji, kwamba hakutia, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba kazi yake ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza. Nilipomaliza nikaikunja barua nikamnyooshea mama yake Deodati.

Hakuipokea.

"Soma tena," akasema. "Na mara hii simama. Wale waliokaa kule zizini hawajasikia."

Nikasimama, nikaifungua, nikaanza upya kutoka kwenye jina langu.